Joto la Bure la Chumba cha Samaki

Katika chumba cha samaki cha baba yangu, kila kilichokuwa chini ya goti kilikufa na kila kilichokuwa juu ya goti kilibaki hai. Asubuhi ile niliposhuka vipandio vyake viwili, samaki wa rafu ya juu walikuwa wakizunguka kama kawaida, wa buluu na wa manjano, wakisogelea kioo kwa kudhani nimewaletea chakula. Wale wa matangi ya chini walikuwa wanaelea, matumbo juu. Panya mmoja alikuwa amelala kando ya ukuta, mzima, bila jeraha. Baba alikuwa amelala kifudifudi, miguu sakafuni, kiwiliwili kwenye vipandio, kichwa juu ya kipandio cha juu. Kama mtu angechukua chaki akachora mstari kuzunguka kuta za chumba, mstari huo ungepita kwenye shingo yake.

Nitaeleza jinsi tulivyofika hapo.

Baba alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Butembo. Vita ilipofunga barabara, lori lilibaki kwa mwenyewe na baba akabaki nyumbani, mtu mzima aliyezoea kuamka akiwa na safari mbele yake. Alirekebisha kila kitu kilichokuwa kibovu, kisha akaanza kurekebisha vile vilivyokuwa vizima. Mama alikuwa amechoka naye. Ndipo siku moja mwenzake wa zamani, dereva wa njia ya Uvira, alipomletea bidoni la njano, dumu la plastiki lililokatwa mdomo. Ndani yake mlikuwa na samaki wadogo wa ziwa Tanganyika, wakubwa kama kidole gumba, wenye rangi ambazo sisi huziona kwenye vitenge tu.

Mama alichungulia. Yeye ni mtu wa Butembo na hapendi kupoteza maneno.

"Hawa tunapika na nini?"

"Hawa si wa kupika," baba akasema. "Ni wa kuangalia."

"Wa kuangalia. Mimi nakuangalia weye miaka yote hii, sijaona faida."

Faida ilikuja. Baba aliunga matangi kwa vipande vya vioo vya madirisha, akayajaribu kwa maji uani mpaka yakaacha kuvuja. Hoteli moja ya kando ya ziwa ikachukua samaki, kisha zahanati moja ikataka tangi kwa ajili ya chumba cha kusubiri. Majike wa samaki hawa hubeba watoto mdomoni. Jike hukaa siku nyingi bila kula, mashavu yamevimba, na ukimtazama kwa karibu unaona macho madogo yakikutazama kutoka ndani ya mdomo wake. Baba aliweza kukaa asubuhi nzima akimtazama jike mmoja. Nilimwona akirudi kuwa mtu mwenye shughuli, na wote tulimshukuru yule dereva wa Uvira.

Shida ilikuwa baridi. Samaki hawa wametoka kwenye maji ya joto, na Goma iko juu. Usiku upepo unashuka kutoka upande wa volkano, na asubuhi ukitia mkono kwenye pipa la maji unautoa haraka. Baba alianza na vyuma vya umeme vya kuchemshia maji, lakini umeme ulikuwa unakuja na kwenda unavyotaka, na siku moja kebo moja iliyolowa ilimrusha mpaka mlangoni. Akaacha. Akaanza kuchemsha maji kwenye moto wa uani, akayatia katika vibidoni vidogo na kuvitumbukiza ndani ya matangi vielee. Hiyo ilifanya kazi, ila vilipoa kabla hajamaliza mzunguko. Akaokota frigoliti, ile povu nyeupe ngumu inayofungiwa televisheni, akaivalisha matangi pande tatu na kuyafunika kwa mbao. Hapo ndipo alipofikia wazo lake kubwa: ni kazi bure kupasha tangi moja moja. Pasha chumba, na matangi yote yatakuwa na joto.

Wengine wangeingiza mbabula, jiko la makala, yaani makaa, na kufunga mlango. Baba hakufanya hivyo. Tunaijua familia ya kule barabarani iliyolala na mbabula ndani wakati wa mvua na haikuamka. Mama alimwambia mapema, huku akichambua maharage, bila kuinua macho:

"Siku utaingiza mbabula mule, mimi nitatoka na sahani zangu zote."

"Mama, mimi si mujinga," baba akasema.

"Sijasema uko mujinga. Nimesema nitatoka."

Hakuwa mjinga, na sitaki msomaji afikiri hivyo. Alikuwa mwangalifu kuliko sisi wote. Kwenye barabara ya Butembo alisimamisha lori mara nyingi kuangalia tairi ambalo halikuwa na shida. Alitafuta joto lisilo na moshi, lisilo na moto, lisilo na waya, na lisilo na bei. Alilipata, na ndilo lililomwangusha.

Nyumba yetu iko upande wa magharibi wa mji, kuelekea Mugunga, juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba zote za huku. Nyuma ya jikoni kulikuwa na stoo ya mawe yenye bati. Baba aliamua kuifanya chumba cha samaki, na ili kuikinga na upepo akaamua kuishusha: avunje mwamba wa sakafu, ateremke kiasi cha goti na zaidi, aweke vipandio viwili. Alivunja peke yake kwa mtalimbo na nyundo, siku baada ya siku, na mama akasema afadhali sasa kelele zinatoka mahali pamoja.

Siku moja kelele zilikoma, akatuita. Chini ya jiwe alilokuwa ameling'oa kulikuwa na ufa wenye urefu wa mkono wangu, mweusi, usioonyesha mwisho.

"Muweke mukono hapo," alisema.

Tuliweka. Hewa ilikuwa inatoka, polepole sana, ya uvuguvugu, kama pumzi ya ng'ombe anapokunusa. Haikuwa na harufu. Mama alifanya ishara ya msalaba, kisha akacheka kwa sababu aliona nimemwona.

"Mungu ametupatia shofaji," baba akasema, yaani kipasha-joto cha nyumba.

Lazima nieleze hapa jambo ambalo watu wa huku hawana haja ya kuelezwa. Tuna neno mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala kwenye mabonde madogo kati ya mawe. Haionekani. Ni nzito, haipandi, inakaa chini kama maji kwenye sahani mpaka jua na upepo viiondoe. Mbuzi akiingia humo alfajiri anabaki humo. Watoto wanafundishwa mabonde gani yasikanyagwe kabla jua halijapanda, na mgeni anaonyeshwa kwa kidole: pale, hapana. Sisi sote tulilijua hilo tangu tukiwa wadogo. Lakini mazuku tunayoyajua ni kitu cha nje. Yana mahali pake, kwenye majani, pamoja na ndege waliokufa na mifupa ya mbwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yanaweza kukaa ndani ya nyumba yenye mlango na kufuli, ya mtu anayelipa kodi ya kiwanja. Tulikuwa tumeelekeza hofu yetu yote kwenye makala, na katika chumba kile hapakuwa na makala.

Kwa hiyo ufa ulibaki wazi. Baba aliujengea ukingo mdogo wa mawe na kuufunika kwa wavu wa chuma, kisha akapanga matangi ya chini kuuzunguka, kama watu wanaoota moto. Matangi mengine yakakaa kwenye rafu ya juu, usawa wa kifua. Pampu mbili za betri zilipuliza hewa ndani ya maji: ya juu ilikaa juu ya rafu, ya chini ikakaa sakafuni.

Samaki walizaa kuliko walivyowahi kuzaa. Ukiingia humo asubuhi ya baridi ulihisi miguu yako inapata joto kabla ya uso. Madereva wenzake walikuja kuona, wakasimama kwenye kipandio cha juu, wakatikisa vichwa. Mmoja alimwambia auze hicho chumba kwa mzungu.

Ishara zilikuwepo, nami niliziona moja moja, kila moja kwa siku yake. Chumba hakikuwa na mbu, na baba alijivunia hilo. Kila asubuhi mama alifagia mende waliokufa, wamelala chali kwa utaratibu chini ya kuta zote.

"Umeweka dawa?"

"Siweki dawa karibu na samaki."

"Sasa hawa wanakufa na nini?"

"Uzee."

Mara moja nilimkuta mjusi karibu na wavu, mkavu, mzuri, kama ametengenezwa. Alikaa pale siku kadhaa bila sisimizi hata mmoja kumgusa. Buibui walikuwa wametanda kwenye pembe za juu na katikati ya kuta, utando mpya kila juma, lakini chini ya rafu hapakuwa na utando hata mmoja. Umeme ulipokatika baba alikuwa akiweka mshumaa juu ya rafu, nao uliwaka vizuri. Jioni moja aliuteremsha sakafuni atafute kibanio kilichoanguka, ukazimika. Akauwasha tena, ukazimika tena. Alisema mishumaa ya siku hizi ni mafuta ya kuchezea tu, akatafuta kibanio kwa kupapasa.

Samaki ndio walionisumbua. Kila mara mlango ulipofunguliwa asubuhi, wale wa matangi ya chini walikuwa juu kabisa ya maji, wote, wamejipanga mstari mmoja, midomo imegusa uso wa maji, wanafungua na kufunga. Walikuwa wametazama upande wa mlango. Mlango ukishakaa wazi, mmoja mmoja walirudi chini. Nilimuuliza baba.

"Wamejua saa ya chakula," alisema. "Samaki iko na akili kuliko unavyozania."

"Na wa juu je, wao hawajui saa?"

"Wa juu ni wapya."

Kisha kiangazi kikaja, na baridi ya usiku ikawa kali zaidi. Mlango wa stoo ile ulikuwa wa mbao, mkuukuu, umeachana na kizingiti kiasi cha vidole vitatu. Ukisimama nje bila viatu ulihisi uvuguvugu ukitoka pale chini na kupita kwenye vidole vya miguu yako. Majani ya mbele ya mlango yalikuwa yamekauka na kuwa meupe, kwa umbo la ulimi unaoteremka kuelekea uani. Baba aliona kitu kimoja tu: joto letu linatoroka. Alikata kipande cha frigoliti, akakifunga kwa bashi, turubai lile la plastiki, akakipigilia misumari chini ya mlango na kukishindilia matambara pembeni. Alipomaliza alipitisha mkono pale, hakuhisi chochote, akaridhika.

Asubuhi iliyofuata mama alikwenda misa ya mapema. Mimi nilikuwa uani naosha vyombo. Baba alipita na kikombe chake cha chai, akaniambia kuna jike katika tangi la chini atakayetema watoto leo au kesho, anataka kumtazama. Alifungua, akaingia, na kwa sababu ya baridi akavuta mlango nyuma yake. Nilisikia matambara yakisuguana na jiwe.

Sikufikiria chochote. Mama alirudi, akavua kitambaa cha kichwa, akauliza yuko wapi, akaenda kumwita chai isipoe. Hakupiga kelele. Alisema jina langu kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto, kisha akaniita nije:

"Kuya. Papa yako iko chini."

Nilishuka. Joto lilinipanda miguuni kama unapoingia ziwani, na lilikuwa na mwisho, nilihisi mwisho wake chini kidogo ya mapaja. Nilipoinama kumshika, kitu kilinipanda puani kama soda inapokosea njia, na kifua kikakataa. Nilisimama wima bila kukusudia. Nyuma yangu mlangoni alikuwa amefika jirani yetu, mama mmoja aliyezaliwa kulekule Mugunga, ambaye katika utoto wake nyumba yao ilipoteza mbuzi kila mwaka. Alikuwa amemwona mama juu ya ukuta wa mawe wa uani. Alitazama sakafu, akatazama samaki, na sauti yake ikawa kavu.

"Musiiname. Mutu asiiname. Mumushike mikono tu, mumuvute mukiwa wima."

Kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kwenye kipandio, mikono yake ilifikika. Tulimvuta mimi na mama, nimebana pumzi, mpaka tukamfikisha uani penye upepo. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Jirani alimgeuza ubavu, akamfungua vifungo vya shati, akakaa kando yake akimpepea kwa sinia. Mama alishika mguu wake mmoja, sijui kwa nini mguu, na hakuuachia.

Alivuta pumzi ndefu yenye mluzi, kisha nyingine. Alipofungua macho alitazama mlango.

"Nani amefungua? Joto inatoka."

"Wacha itoke," mama akasema.

Hospitalini walimpa hewa ya chupa, wakamlaza usiku mmoja, wakamrudisha nyumbani akiwa na maumivu ya kichwa yaliyokaa naye siku kadhaa. Alipopata nguvu ya kubishana, siku ileile aliyorudi, alibishana. Alisema ni tension, yaani presha, ilishuka kwa sababu hakuwa amekunywa chai. Jirani alikuja kumsalimu na mihogo, akamwambia wazi kwamba ni mazuku.

"Mazuku haiingiye ndani ya nyumba," baba akasema. "Mazuku inakaa inje, kwa majani."

"Muzee, inje ni pale uliikuta. Weye ndiye uliijengea nyumba."

"Ni tension."

"Na panya?" mama akauliza. "Naye alikuwa na tension?"

Alasiri ile, upepo ukiwa umepita mchana kutwa kwenye mlango uliong'olewa kabisa, baba alikwenda akasimama juu ya kipandio cha juu. Hakushuka. Alitazama matangi ya chini, yule jike aliyetaka kumwona, mashavu bado yamevimba. Akatazama rafu ya juu, ambako samaki walikuwa wamejaa kwenye kioo wakiomba chakula. Macho yake yalipita chumba chote kwa usawa mmoja, polepole. Kisha akaniomba nimletee ndoo, tuwahamishe walio hai.

Sasa wako sebuleni. Matangi yote yamekaa juu, yameegemea ukuta wa ndani usioguswa na upepo, yamevaa frigoliti na vifuniko vya mbao. Kila maharage yanapochemshwa uani, sufuria ya maji inafuata juu ya moto uleule, na vibidoni vinaingizwa ndani. Usiku yanafunikwa mablanketi ya zamani. Chini ya mlango wa sebule kuna nafasi, na hakuna anayeruhusiwa kuiziba. Asubuhi nyingine maji yanakuwa ya baridi na samaki wanachelewa kuamka, lakini wanaamka. Kwa mtu mwenye chumba cha samaki katika mji huu, sijui njia ya bei ndogo iliyo bora kuliko hiyo.

Tulimwita pia mtaalamu anayechunguza volkano. Alikuja na kifaa kidogo kifuani, akakiteremsha kwa kamba ndani ya stoo, na kilipofika usawa wa goti kikaanza kulia. Alikipandisha kikanyamaza. Alikiteremsha, kikalia. Alisema tutoboe ukuta chini ili hewa itoke nje kuelekea mteremko, na tusiuzibe ufa kabla hajarudi na mashine nyingine ya kuangalia unakwenda wapi.

"Hii hewa haina haraka," alisema. "Mukiifungia hapa, inatafuta fasi ingine ya kutokea. Na fasi gani, mimi siwezi kujua leo."

Tulitoboa ukuta. Tukasubiri. Lakini mama alisema hawezi kupika huku akijua mdomo ule uko wazi nyuma ya mgongo wake, na wajukuu wanakuja likizo, na mlango hauna tena ubao. Mtaalamu hakurudi juma lile, wala lililofuata. Baba akachanganya saruji na kokoto, akajaza ufa, kisha akajaza shimo lote mpaka usawa wa kizingiti. Leo chumba kile ni stoo tena, baridi kama stoo yoyote. Tunaweka humo makala.

Chumba cha kulala cha wazazi wangu kiko upande mwingine wa nyumba. Sakafu yake ni saruji juu ya mwamba, na kwa miaka yote mama amekuwa akilalamika kwamba akishusha miguu asubuhi inaganda. Sasa halalamiki. Siku kadhaa baadaye akaniambia kwamba sakafu ina joto. Baba anasema ni jua la mchana linabaki kwenye mawe. Juma hili lote mvua imenyesha.

Tumeinua kitanda chao kwa matofali. Dirisha halifungwi, na nimekata mlango upande wa chini kwa msumeno. Nimewaomba walale sebuleni, baba akasema sebule ni ya samaki, mama akasema hatafukuzwa kitandani kwake na kitu asichokiona. Nimempigia simu mtaalamu. Anasema mashine iko, gari ndilo halipo. Mwanzoni mama alihisi joto kando ya ukuta tu. Leo asubuhi ameniambia limesogea, liko chini ya kitanda, upande wa baba.